Cherehani, Mianzi na Ndege ya Kwanza

Ukitaja ndege, wengi wetu huwaza chuma, kelele na mambo ya wanaume. Ni akina mama wachache wanaojua kwamba ndege ya kwanza yenye injini kumpaisha binadamu na kumtua salama ilivikwa kitambaa cha pamba kilichoshonwa kwa cherehani, na kwamba ndani yake kulikuwa na mbao nyembamba, nyaya na nyuzi. Ndiyo maana nimeichagua kwa ukurasa wa kazi za mikono mwezi huu. Nitaeleza jinsi ya kuunda mfano mdogo wa ndege hiyo nyumbani, pamoja na mtoto, na jinsi ya kuuchakaza ili ufanane na kitu kilichofanya kazi badala ya pambo la dukani.

Ndege yenyewe ni ile ya ndugu wawili wa Dayton, jimbo la Ohio, Marekani: Wilbur na Orville Wright. Waliirusha tarehe 17 Desemba 1903 kwenye vilima vya mchanga viitwavyo Kill Devil Hills, karibu na kijiji cha Kitty Hawk, North Carolina. Ilikuwa na mabawa mawili, moja juu ya jingine, yaliyoshikanishwa kwa nguzo na nyaya. Rubani alilala kifudifudi juu ya bawa la chini, na injini ilikuwa kuliani kwake.

Nyumba ya Askofu

Ndugu hawa walikuwa watoto wa Milton Wright, askofu katika Kanisa la United Brethren in Christ. Baba alisafiri sana kwa kazi ya Mungu. Aliyekuwa fundi nyumbani ni mama yao, Susan. Babu yao mzaa mama alikuwa mtengenezaji wa magari ya farasi, na Susan alikulia karibu na zana. Alijua kutengeneza vyombo vyake vya nyumbani na vitu vya kuchezea vya watoto, na watoto walipokwama katika kazi zao za mikono walimwendea yeye, si baba.

Mwaka 1878 baba alirudi safarini na kitu cha kuchezea cha mianzi, gamba la mti na karatasi. Kilizungushwa kwa mpira uliosokotwa na kuruka hadi darini. Wilbur alikuwa na miaka 11, Orville 7. Kilipovunjika waliunda vingine. Hapo ndipo wenyewe walisema hamu yao ilianzia.

Lakini kuna sehemu ya habari hii ambayo vitabu vya ndege huipita haraka, nami kama muuguzi siwezi kuipita. Majira ya baridi ya mwaka 1885 kwenda 1886, Wilbur akiwa na umri wa miaka 18 hivi, alipigwa usoni kwa fimbo katika mchezo wa magongo kwenye barafu. Alipoteza meno mengi ya mbele. Kidonda kilipona, lakini moyo ukaanza kumwenda mbio na roho yake ikainama. Mipango ya chuo kikuu ikaachwa. Kijana aliyekuwa hodari akawa mtu wa kukaa ndani.

Wakati huohuo mama yake alikuwa anaisha kwa kifua kikuu. Siku hizo hapakuwa na dawa. Streptomaisini ilipatikana mwaka 1943. Wilbur ndiye aliyemwuguza. Asubuhi alimbeba kumshusha chini, jioni alimbeba kumrudisha juu, na katikati ya kazi hiyo alisoma vitabu vya baba yake. Susan alifariki tarehe 4 Julai 1889. Alikuwa bado hajaona hata baiskeli moja ya duka la wanawe, seuze ndege.

Dada yao, Katharine, naye alikuwa muuguzi wa nyumba hiyo pasipo cheti. Orville alipougua homa ya matumbo mwaka 1896, yeye alikaa kitandani pake. Alipoanguka na ndege mwaka 1908 huko Fort Myer, Virginia, akavunjika paja na mbavu, Katharine aliacha kazi yake ya ualimu akaenda kumwangalia hospitalini wiki nyingi. Wilbur hakuokoka: homa ya matumbo ilimwua tarehe 30 Mei 1912, akiwa na miaka 45. (Mama, chemsha maji.)

Je, nani aliyeshona?

Wakisikia kitambaa na cherehani, watu hudhani ni Katharine. Sivyo. Walishona wanaume wenyewe. Mwaka 1900 Wilbur alipofika Kitty Hawk na ndege yao isiyo na injini, alikuta mbao alizopata ni fupi kuliko alizokusudia. Ikabidi kitambaa kikatwe na kushonwa upya, naye akaazima cherehani ya Bibi Addie Tate, mama wa nyumba alimofikia. Majaribio yalipokwisha, ndugu hao waliiacha ndege hapo mchangani. Bibi Tate akaenda, akabandua kitambaa chake kizuri, akakifua, akawashonea binti zake wawili magauni. Sijui mwanamke wa Kiswahili ambaye angefanya tofauti.

Mwaka 1902, walipokuwa wakitayarisha chombo kingine, Katharine alimwandikia baba yake kwamba nyumbani hapakuwa na mahali pa kuishi: mmoja yuko kwenye cherehani saa zote, mwingine amechuchumaa sakafuni akipima kitambaa.

Ninayasimulia haya kwa sababu maalum. Mama mmoja wa usharika wetu, aliyeniruhusu nieleze habari zake bila jina, alikuwa na kijana wa miaka 14 aliyeanguka mwembeni akavunjika paja. Alivutwa mguu hospitalini wiki nyingi, kisha akarudishwa nyumbani na hogo kutoka kiunoni hadi kwenye kifundo. Mtihani wa darasa la saba ulifanyika yeye akiwa kitandani. Baada ya siku hiyo akaacha kuzungumza. Chakula alikula kidogo. Wenzake walipokuja alijifanya amelala. Mama yake alinifuata baada ya ibada akaniambia, "Dada, mfupa unaunga, lakini mtoto mwenyewe simwoni."

Hali hii naijua wodini. Mgonjwa mzima hulalamika, na malalamiko ni dalili njema. Kijana hugeukia ukuta. Kumhubiria wakati huo kunasaidia kidogo. Huhitaji kazi ambayo ni ngumu kiasi, inayofanyika akiwa ameketi, na isiyoonekana ya kitoto. Nikampa mama huyo picha za ndege ya akina Wright na vipimo vyake. Baba mtu alipoona mtoto wa kiume amepewa sindano na uzi, hakufurahi. Mama akamsimulia habari za Wilbur na cherehani ya Bibi Tate. Baba akanyamaza. Siku ya tatu alileta mkufu wake wa saa uliokatika, akasema labda utafaa kwa mnyororo wa injini.

Vipimo na vifaa

Kipimo kinachofaa nyumbani ni moja kwa ishirini, yaani kila sentimeta 20 za ndege halisi ni sentimeta moja ya mfano. Mabawa ya ndege halisi yalikuwa na upana wa mita 12.3 kutoka ncha hadi ncha. Ya kwako yatakuwa sentimeta 61 na nusu. Kutoka ukingo wa mbele wa bawa hadi wa nyuma ni sentimeta 10. Nafasi kati ya bawa la juu na la chini ni sentimeta 9 na nusu hivi. Urefu wote wa ndege, kutoka bawa dogo la mbele hadi usukani wa nyuma, ni sentimeta 32. Rafadha mbili, kila moja sentimeta 13.

Kwa kipimo hicho kijana atagundua jambo la kushangaza. Mruko wa kwanza wa Orville ulikuwa wa mita 36 na nusu, kwa sekunde 12. Gawanya kwa ishirini: ni mita 1.8, pungufu ya urefu wa kitanda alicholalia. Mruko wa nne, wa Wilbur, ulikuwa mita 260. Huo ni mita 13, kutoka kitandani hadi nje ya mlango na kupita uani.

Kwa mifupa ya mabawa tumia mianzi. Vijiti vya mishikaki vinafaa kwa mihimili mirefu ukiviunganisha kwa kuvichonga mshazari na kuvifunga kwa uzi. Kwa mbavu, pasua vijiti viwe vyembamba kama njiti ya kiberiti au zaidi, viloweshe katika maji ya moto, kisha uvifunge juu ya chupa kubwa vikauke usiku kucha. Vitapata mgongo kidogo, kama ule uliolipa bawa nguvu ya kunyanyua. Usizidishe, bawa la akina Wright halikubinuka kama upinde. Gundi nyeupe ya mbao ndiyo bora, maana haina harufu kali na huoshwa kwa maji.

Hapa kuna siri mbili ambazo mafundi wengi wa mifano huzikosa. Ya kwanza, bawa la kulia lilikuwa refu kuliko la kushoto kwa sentimeta 10, kwa kuwa injini iliyokaa upande huo ilikuwa nzito kuliko rubani. Kwenye mfano wako tofauti ni nusu sentimeta tu, lakini iweke. Ya pili, ncha za mabawa ziliinama kidogo kuelekea chini. Mtu asiyejua atakwambia umekosea. Mwambie atazame picha.

Kitambaa cha ndege halisi kilikuwa cha pamba, cha aina iliyouzwa kwa jina la Pride of the West, kisichopakwa rangi wala dawa yoyote. Rangi yake sisi tunaijua vizuri kuliko wengine: ni rangi ya marekani. Bibi zetu waliliita hivyo gora lisilopaushwa kwa sababu lilikuja Unguja kwa merikebu kutoka Marekani karne ya 19. Marekani yenyewe ni nzito mno kwa mfano mdogo. Tafuta leso kuukuu ya pamba, iliyofuliwa hata ikawa nyepesi kama ganda la kitunguu. Ichovye katika chai ya rangi iliyo hafifu, isiyo na sukari (sukari huita sisimizi), uikaushe kivulini, kisha uikate mshazari. Akina Wright nao walilaza nyuzi za kitambaa mshazari ili chenyewe kisaidie kulikaza bawa. Kila mama aliyekata sketi mshazari anaelewa kwamba kitambaa hicho huvutika upande mmoja na kushika upande mwingine. Mwache mtoto aone mwenyewe kwa vidole. Bandika kwa uji mwembamba wa wanga, juu na chini ya mbavu.

Nyaya ni uzi wa kijivu uliopitishwa kwenye mshumaa ili usiwe na manyoya. Hii ndiyo kazi ndefu kuliko zote, na ndiyo iliyomtoa kijana wetu ukutani. Aliharibu bawa la kwanza kwa kukaza upande mmoja kabla ya mwingine, likapinda kama jani kavu. Akalitupa chini. Mama yake hakuliokota. Kesho yake kijana aliomba kibano.

Injini chonga kutoka kipande cha mti laini, yenye silinda nne zilizolala ubavu. Minyororo miwili huenda kwenye rafadha zilizo nyuma ya mabawa. Mmoja hupita moja kwa moja, wa pili umesokotwa kama tarakimu 8, ili rafadha zizunguke kinyume na ndege isivutwe upande mmoja. Chini hakuna magurudumu. Kuna mbao mbili ndefu za kutelezea, na ndege ilianzia juu ya reli ya mbao.

Neno la muuguzi kuhusu gundi na rangi

Mafundi wengi hutumia rangi za mafuta, petroli na tina. Kwa kazi hii huvihitaji, na katika chumba cha mgonjwa sivitaki kabisa. Mvuke wake huumiza kichwa, hutia kichefuchefu na kizunguzungu, na ni hatari kwa mama mjamzito na kwa mtoto mchanga. Kisha kuna moto: tina karibu na jiko la mkaa au kibatari ni msiba unaosubiri. Tusifumbe macho pia kwamba wako vijana wanaovuta gundi kwa makusudi. Gundi ya viatu isikae chumbani kwa mtoto.

Gundi ile ya kukauka mara moja ikimnatisha vidole, usivute. Loweka katika maji ya uvuguvugu yenye sabuni, utenganishe polepole. Ikiingia jichoni, osha kwa maji mengi na uende hospitali. Wembe uvishwe upande mmoja kwa plasta nene. Akijikata, kandamiza kwa kitambaa safi dakika kumi bila kuchungulia, na uulize kama amechanjwa pepopunda.

Kuichakaza

Sasa ndege imekamilika, nyeupe kama shuka jipya, na haionekani kama ndege. Inaonekana kama zawadi. Kuichakaza ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote, labda kwa sababu ya kazi yangu. Muuguzi akiona doa kwenye bendeji, hasemi "chafu" akaishia hapo. Hutazama: hii ni damu ya leo au ya jana? Imetoka wapi, inaenea au imekoma? Doa lina chanzo. Fundi anayepaka uchafu kila mahali ili ndege ionekane ya zamani ni kama mtu anayeandika cheti cha mgonjwa ambaye hakumwona.

Kwa hiyo mwulize mtoto kwanza: unaunda saa ipi? Siku ile ndege iliruka mara nne tu, na mara zote nne kwa pamoja hazikufika dakika mbili. Haikuchakaa kwa kuruka. Ilichakaa kwa kusubiri: wiki kadhaa kambini kwenye upepo, unyevu na mchanga, huku injini ikijaribiwa na mihimili ya rafadha ikivunjika na kupelekwa Dayton kutengenezwa. Tarehe 14 Desemba Wilbur alijaribu, akapaa sekunde tatu na nusu, akaanguka na kuharibu sehemu ya mbele. Ikachukua siku mbili kuikarabati. Basi weka ukarabati huo: kiraka kidogo, uzi mpya mweupe juu ya mti uliokwisha kufifia.

Mafuta yakae kwenye injini, kwenye minyororo na juu ya kitambaa kilicho karibu nayo tu. Tumia masizi ya taa yaliyochanganywa na tone la mafuta ya kula, kwa ncha ya kijiti. Alama za mikono ziwe mahali ambapo mikono ilishika: ncha ya bawa la kulia, ambapo Wilbur alikimbia akiisawazisha wakati Orville akipaa, na kwenye nguzo za mbele, ambako watu wa kituo cha uokoaji baharini walisaidia kubeba. Sugua penseli kwenye karatasi, gusa unga wake kwa kidole, kisha gusa kitambaa. Pale alipolala rubani kitambaa kikunjike na kung'aa kidogo, kama kiti cha mtu.

Kuhusu mchanga, watu wengi hukosea kwa kumwaga mchanga wa kawaida. Punje ya milimeta moja kwenye mfano huu ni jiwe la sentimeta mbili. Chuja mchanga mweupe kwa soksi ya nailoni, utumie lile vumbi lililopita, kwa brashi laini, chini ya bawa la chini na kwenye mbao za kutelezea. Madoa ya maji hufanywa kwa chai. Tone moja juu ya kitambaa kikavu huacha mviringo wenye ukingo mweusi, na hilo ni doa la paa linalovuja. Ukilowesha kwanza eneo lote kisha ukadondosha chai, rangi huenea bila ukingo, na hilo ni umande. Kijana ajaribu yote mawili kwenye kipande cha pembeni kwanza.

Tahadhari moja kuhusu picha. Ndege halisi ipo mpaka leo, katika jumba la makumbusho ya anga huko Washington, lakini kitambaa unachokiona juu yake ni cha mwaka 1985. Kile cha 1903 kilibanduliwa mwaka 1927, baada ya kupitia mengi, ikiwemo mafuriko ya Dayton ya Machi 1913, ambapo masanduku yenye ndege hiyo yalilala chini ya maji na matope siku kumi na moja. Vipande vya kitambaa cha zamani vilienda mbali. Kimoja kilifika mwezini na Neil Armstrong mwaka 1969, na kingine, kidogo kama stempu, kilipelekwa hadi sayari ya Mihiri kikiwa kimefungwa kwenye helikopta ndogo iliyoruka huko tarehe 19 Aprili 2021. Ukitaka uchakavu wa kweli, tazama picha za mwaka 1903 zenyewe, hata kama hazina rangi.

Mwana wa dada yule alizitazama siku mbili. Wengi huchagua asubuhi, wakati wa mruko wa kwanza, ndege ikiwa nzima hewani. Yeye alichagua mchana. Mruko wa nne ulianza saa sita kamili, ukadumu sekunde 59, na katika kutua ule mhimili wa bawa dogo la mbele ukavunjika. Muda mfupi baadaye, watu wakiwa wamesimama wanazungumza, upepo uliipindua ndege na kuiharibu, haikuruka tena. Yeye aliiunda kabla ya upepo huo: mabawa yamesimama sawasawa, mchanga kwenye mbao za kutelezea, mbele pamevunjika.

Hogo limekwisha kuondolewa. Anachechemea kidogo, na mtihani atafanya na wadogo wake, jambo ambalo bado halimfurahishi. Baba yake alipoiona ndege alitafuta gundi amtengenezee pale mbele. Kijana akamzuia mkono, akamwonyesha picha, akaanza kumweleza habari za saa sita mchana ile, na mama mtu akaniambia kwamba maelezo yalichukua muda mrefu hata ugali ukapoa.